Mambo tunayoyafanya bila kuuliza sababu yake, kwenye kompyuta na uwanjani: tuyachambue hapa

#1 Mpekuzi

Wakuu, salaam.

Mtazame mtu akiwasha kompyuta yenye Windows. Kabla hajafungua faili hata moja, anabofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye skrini tupu, anachagua Refresh, ikoni zinapepesa, anarudia, zinapepesa tena, anarudia mara ya tatu ndipo anaanza kazi. Muulize kwa nini. Atakujibu kwamba anaipa mashine wepesi. Kitendo kile kinachora upya ikoni zilizoko mbele yake, basi. Hakipunguzi mzigo kwenye kumbukumbu, hakifungi programu yoyote, hakiongezi kasi hata chembe. Kina kazi yake ndogo: ukihifadhi faili pale na lisionekane, unalazimisha orodha isomwe upya. Lakini aliyekufundisha alimwona mwenzake akibofya, na mwenzake alimwona mwingine, na katika mnyororo wote huo hakuna aliyesimama kuuliza.

Hamia uwanjani. Waliofuatilia soka muda mrefu wanakumbuka mpira ulivyokuwa ukianzishwa. Wachezaji wawili wanasimama kwenye nukta ya katikati, mmoja anausukuma mpira mbele kidogo tu, mwenzake anaurudisha nyuma kwa kiungo. Uwanja mzima unajua mpira unaenda nyuma. Ule msukumo wa kwanza ulikuwepo kwa sababu sheria ilitaka mpira wa kuanzia uende mbele. Mwaka 2016 IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, kikaruhusu uende upande wowote. Tangu hapo mchezaji mmoja anatosha, na mchezo haukupungukiwa na chochote.

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Mimi naona kawaida ni ngumu zaidi ya sheria, maana sheria ina kitabu, ina tarehe, na ina mtu mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Ile ya kuanzisha mpira ilibadilishwa kwa kikao kimoja. Ile ya Refresh utaibadilisha kwa kikao gani?

Niwape visa viwili ambavyo kwangu ni pacha.

Cha kwanza ni nenosiri. Kazini wengi wetu tunalazimishwa kubadili nenosiri kila baada ya siku 90, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Sehemu kubwa ya utaratibu huo ilienezwa na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotoka mwaka 2003. Aliyeuandika ni Bill Burr. Hakuwa na takwimu za kutosha za jinsi watu wanavyochagua maneno yao ya siri, akategemea zaidi andiko la miaka ya 1980. Matokeo mnayajua: mtu anayeambiwa abadili kila miezi mitatu habuni neno jipya, anaongeza 1 mwishoni, kisha 2, kisha 3. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina walichukua maneno ya siri ya zamani ya watumiaji wao na kujaribu kukisia yaliyofuata. Kwa akaunti takriban 17 katika kila 100, ukijua neno la zamani, makisio yasiyozidi matano yalitosha kulipata jipya. Mwaka 2017 NIST ikaandika mwongozo upya na kushauri watu wasilazimishwe kubadili kwa ratiba. Mwaka huohuo Burr mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika.

Cha pili ni barafu. Mchezaji akiteguka kifundo, kila mtu anajua mambo manne: apumzike, awekewe barafu, abanwe bendeji, ainue mguu. Mpangilio huo ulitolewa mwaka 1978 na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin. Ulienea viwanja vyote vya dunia. Mwaka 2014 Mirkin akaandika kwamba ushahidi umemfanya abadili msimamo: ule uvimbe ambao barafu inaupunguza ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza, na kupumzika kabisa pamoja na barafu nyingi kunaweza kuchelewesha kupona. Barafu inatuliza maumivu kwa muda, hilo halina ubishi, ila kutuliza maumivu na kuponya ni mambo mawili.

Sasa nieleweni hoja yangu. Watu wawili, fani mbili, kila mmoja kaweka kanuni kwa nia njema kwa ujuzi wa wakati wake. Kila mmoja karudi hadharani kusema ibadilishwe. Lakini nenda ofisi yoyote leo, nenda kwenye benchi la timu yoyote ya mtaani, utazikuta kanuni zote mbili zikiendelea kama vile wenyewe hawajasema neno. Mazoea yakishatengana na sababu yake, hata aliyeyaanzisha hana tena nguvu juu yake.

Naomba kila mwenye mfano alete, na pia mwenye kupinga apinge. Sharti langu ni moja: usilete "hili ni la kijinga". Leta sababu ya mwanzo ilikuwa nini, kisha tuone kama bado ipo.

#2 Bitibaiti

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nafanya kazi ya kuandika programu na naweza kujaza uzi huu peke yangu, ila nichukue ile ambayo kila mtu anaweza kuijaribu sasa hivi.

Fungua Excel kwenye Windows. Andika 60 kwenye kisanduku, kisha kibadilishe kiwe tarehe. Utapata tarehe 29 Februari 1900. Siku hiyo haijawahi kuwepo. Mwaka wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu na 1900 haukuwa. Kosa hilo lilianzia kwenye Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyotoka mwaka 1983 na kutawala ofisi za wakati ule. Microsoft walipokuja na Excel waliliiga kwa makusudi, ili mafaili ya Lotus yafunguke na tarehe zake zisisogee. Uamuzi wa busara kabisa kwa wakati ule. Leo wanaotumia Lotus huwaoni, lakini siku ile ya uongo bado imo ndani ya kila nakala, kwa sababu sasa mafaili yaliyoitegemea ni mengi kuliko uwezo wa mtu kuyarekebisha.

Kuna kubwa zaidi. Excel ina tabia ya kugeuza kitu chochote kinachofanana na tarehe kuwa tarehe. Wanasayansi wa vinasaba walikuwa na jeni zinazoitwa SEPT1 na MARCH1. Ukiziandika, programu inakupa tarehe 1 Septemba na 1 Machi, kimyakimya. Mwaka 2016 watafiti walipekua makala za kisayansi zilizoambatanishwa orodha za jeni za Excel wakakuta takriban moja katika kila tano ina makosa ya namna hiyo. Na suluhisho? Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadili majina ya jeni zenyewe. SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi kubadili majina ya vitu vilivyomo ndani ya mwili wa binadamu kuliko kubadili mazoea ya programu. Microsoft wenyewe waliweka uwezo wa kuzima tabia hiyo mwaka 2023.

#3 Bitibaiti

Naongezea moja fupi kwa wanaoandika programu. Mnaotumia make, ile zana ya kuunda programu kutoka kwenye mafaili yake, mnajua kwamba mstari wa amri lazima uanze na kitufe cha Tab, ukiweka nafasi za kawaida inakataa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Stuart Feldman aliitengeneza kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Aliiona kasoro hiyo mapema, lakini akawa tayari ana watumiaji kama dazeni moja, wengi wao marafiki zake, hakutaka kuwavurugia. Akaiacha. Watu dazeni moja! Tangu hapo kila kizazi cha waandishi wa programu kinapoteza saa zake juu ya kitufe hicho kwa ajili ya kuwalinda watu dazeni moja ambao wala wasingekasirika.

#4 Kipa wa Akiba

Naleta ya magolini, nimeifuatilia kwa sababu ndiyo nafasi yangu.

Mkwaju wa penalti ukipigwa, kipa anaruka kushoto au kulia. Tumefundishwa hivyo tangu tukiwa watoto. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za ligi kubwa na mashindano makubwa. Makipa walibaki katikati mara 6.3 tu katika kila 100. Lakini mipira iliyopigwa katikati ilikuwa karibu 29 katika kila 100. Na makipa waliobaki katikati walizuia theluthi moja, wakati walioruka kushoto au kulia walizuia kati ya 12 na 15 katika kila 100.

Kwa nini basi tunaruka? Maelezo yao nayaafiki moyoni kabisa: kipa akiruka upande usio sahihi, watu wanasema alijitahidi. Akisimama katikati mpira ukaingia pembeni, wanasema alisimama kama nguzo. Goli ni lilelile, lawama si ileile. Kwa hiyo kipa anajilinda yeye kwanza kabla ya kulinda lango. Na makocha wetu wanatufundisha kuruka kwa sababu nao waliruka.

#5 Fundi Sanifu

Nimesoma kwa makini, na ninaomba kupinga kwa heshima, kwa sababu nyuzi za namna hii huishia kuwapa watu kiburi cha kudharau kila wasichokielewa.

Kwanza nimsahihishe kidogo ndugu Kipa. Asilimia 6.3 ya penalti 286 ni penalti 18. Theluthi ya 18 ni 6. Hoja nzima ya kusimama katikati imesimama juu ya penalti 18 na mipira 6 iliyozuiwa. Halafu makipa wote wakianza kusimama katikati, wapigaji si vipofu, wataacha kupiga katikati. Nadhani utafiti ule unathibitisha kwamba makipa wanaruka kupita kiasi. Hauthibitishi kwamba wasimame.

Pili, yako mazoea yanayoonekana ya ajabu na yana akili ndani yake. Kipa anatemea mate au kumwagia maji glavu zake kabla ya mpira. Mtazamaji anaona ushirikina. Ile raba laini ya kiganja cha glavu inashika vizuri zaidi ikiwa na unyevu, watengenezaji wenyewe wanaelekeza hivyo. Mcheza tenisi anaomba mipira mitatu au minne, anaikagua, anarudisha miwili. Anatafuta ile ambayo manyoya yake hayajatimka, kwa sababu inakata hewa kirahisi na kutoka kwa kasi anapoanzisha. Wale wanaoruka majini kutoka kwenye jukwaa wanajifuta kwa kitambaa kidogo ilhali wanarudi majini baada ya sekunde chache. Ngozi ikiwa na maji, mikono inateleza pale wanapokumbatia miguu kwenye mzunguko.

Kwenye kompyuta ni hivyohivyo. Ukiambiwa uchomoe ruta, usubiri sekunde 30 ndipo uchomeke, usidhani ni maombi. Ndani kuna kapasita, vipande vinavyobaki na umeme kidogo baada ya kuchomoa, na ukirudisha haraka kumbukumbu inaweza isifutike, ruta ikaamka na tatizo lilelile. Kuzima na kuwasha kwenyewe kunafanya kazi kwa sababu programu nyingi hujilimbikizia kumbukumbu bila kuiachia, na kuzima ndiko kunakoziondoa kwa nguvu.

Kuuliza sawa. Lakini asiyejua sababu asikimbilie kusema haipo.

#6 Mpekuzi

Fundi, nakushukuru sana, na kwenye zile penalti 18 umetenda haki. Ndiyo maana nilitaka kila anayeleta mfano alete na sababu ya mwanzo.

Nami nina mfano unaosimama katikati ya hoja yako na yangu, ni kuruka juu. Kabla ya mwaka 1968 warukaji wakubwa walivuka ufito kwa kulala kifudifudi juu yake au kwa kurusha miguu kama mkasi. Dick Fosbury, Mmarekani, akaja Mexico City akavuka kwa mgongo, kichwa kikitangulia, akachukua dhahabu ya Olimpiki kwa mita 2.24. Mwaka 1980 kule Moscow, 13 kati ya waliofika fainali 16 walikuwa wanaruka kwa mtindo wake.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kama vile waliotangulia walikuwa wazito wa kufikiri. Angalieni walikuwa wanatua wapi. Shimo lilikuwa la mchanga au la takataka za mbao. Mtu anayeruka mita mbili na kutua kwa shingo kwenye mchanga anavunjika. Kwa hiyo kutua kwa miguu au kwa mikono ilikuwa busara tupu. Kilichobadilika ni magodoro: wakati Fosbury akiwa shuleni, viwanja vilianza kuweka sponji nene zilizoinuliwa juu. Sababu iliondoka siku sponji ilipoletwa. Warukaji wote wakaiona sponji, wakaifurahia, wakaendelea kutua kwa miguu. Yeye ndiye aliyeruka kama mtu anayejua kuna sponji.

Kwangu hilo ndilo swali la kuuliza kila mahali: mazoea haya yalizaliwa kwa ajili ya kifaa gani, na kifaa hicho bado ninacho? Kupanga upya vipande vya mafaili kwenye diski kulikuwa na maana kubwa diski zilipokuwa sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika kutafuta. Kwenye SSD, yaani diski za chipu, hakuna sahani wala kichwa, kila sehemu inafikiwa kwa muda karibu uleule, na kuandika upya kusiko na sababu kunakula uhai wa chipu. Watu wanaendelea.

#7 Mwanariadha Mkongwe

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa mbio ndefu na naona mmeacha maji, wakati ndiyo yenye historia nzito kuliko zote, kwa sababu tulikosea upande mmoja, tukakimbilia upande wa pili, na huko nako hatukuuliza.

Mwanzo wanariadha waliamini kunywa maji njiani kunadhoofisha. Olimpiki ya 1904 kule St. Louis, marathoni ilikimbiwa kwenye joto kali na barabara ya vumbi, na mwandalizi James Sullivan alibana maji kwa makusudi, alitaka kuona mwili utafanyaje ukinyimwa. Walioanza ni 32, waliomaliza ni 14. Mshindi Thomas Hicks alifikishwa mwisho akiwa hoi, wasaidizi wake wakiwa wamempa mchanganyiko wa strikinini na brandi njiani. Baada ya hapo usingetarajia mtu aendelee kuamini maji ni udhaifu, lakini imani hiyo iliishi miongo mingi zaidi, na makocha wengi waliwanyima vijana maji mazoezini kama njia ya kuwakomaza.

Kisha upepo ukageuka. Kufika miaka ya 1990 ushauri ukawa kunywa kabla ya kiu, kunywa kadiri unavyoweza, usingoje mwili useme. Kila kituo, kikombe. Wengi walioanza kukimbia miaka hiyo hawajawahi kusikia kitu kingine. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya mwaka 2002, na ripoti yao ikatoka 2005. Asilimia 13 walikuwa na chumvi ya sodiamu iliyoshuka kupita kiwango. Watu hao hawakuwa wameishiwa maji, walikuwa nayo kupita kiasi. Dalili iliyojitokeza zaidi ni kwamba waliongezeka uzito wakati wa mbio. Fikirini hilo: mtu anakimbia kilomita 42 na anamaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza. Hali hiyo ikizidi ubongo unavimba, na imeshaua wakimbiaji.

Nimewahi kumwona msichana mdogo kwenye mbio za barabarani, tumbo limejaa, anacheua maji, na bado anapokea kikombe kingine kwa sababu mtu wa kituo anampigia kelele anywe. Yule wa kituo alikuwa na huruma ya kweli. Huruma haikumfanya aulize.

Ushauri wa sasa kwa wengi wetu ni rahisi: kunywa ukisikia kiu. Mwili ulikuwa na kipimo chake muda wote, ila makundi yote mawili, walionyima na waliolazimisha, walikubaliana kwamba kiu haiaminiki.

#8 Chenga Twawala

Nafikiri hapa ndipo pa kukumbusha ule utafiti wa nyani watano. Waliwekwa kwenye chumba chenye ngazi na ndizi juu yake. Kila mmoja akipanda, wote wanamwagiwa maji ya baridi. Wakaanza kumpiga anayepanda. Wakabadilishwa mmojammoja hadi hakuna aliyewahi kumwagiwa maji, na bado wakawa wanampiga anayepanda. Unaeleza uzi wote huu.

#9 Mpekuzi

Chenga, kisa hicho ni kizuri na najua kimefundishwa kwenye semina nyingi, ila jaribio hilo kama linavyosimuliwa halipo kwenye kumbukumbu zozote za kisayansi. Kuna jaribio la 1967 la mtafiti aitwaye Stephenson lililotumia nyani wawiliwawili, kitu cha kuchezea na upepo wa ghafla. Ndizi, ngazi na maji ya baridi vimeongezwa na wasimuliaji. Sikusemi wewe, umepokea kama sisi wote tunavyopokea, na kupokea namna hiyo ndiko tunakokuzungumzia hapa.

Jaribio la kweli lipo, na kwangu lina uzito zaidi. Miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wachague unaolingana nao. Jibu lilikuwa wazi kwa mtoto. Lakini wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa, wakawa wanataja jibu lisilo sahihi kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya theluthi moja ya majibu ya mtu asiyejua mpango yalifuata kundi, dhidi ya macho yake mwenyewe. Kilichonigusa ni sehemu ya pili: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata kundi kukashuka vibaya. Mmoja tu. Ndiyo maana sioni aibu kuonekana msumbufu kwenye vikao.

#10 Dunki

Mpekuzi, hapo kwenye mtu mmoja nina shaka, na mpira wa kikapu una ushahidi wangu.

Rick Barry alipiga mitupo huru kwa mikono miwili kutoka chini, mpira ukianzia kati ya magoti, unapanda polepole na kushuka kwa upole juu ya pete. Alifunga takriban 90 katika kila 100 maisha yake yote ya NBA. Wilt Chamberlain, jitu lililokuwa hodari kwa kila kitu isipokuwa mitupo huru, alijaribu mtindo huo msimu wa 1961/62 na akafikisha asilimia 61, kiwango bora cha maisha yake. Ni msimu huohuo, tarehe 2 Machi 1962, alipofunga pointi 100 katika mchezo mmoja, na kati ya hizo 28 zilitokana na mitupo huru 32.

Kisha akaacha. Akarudi kurusha kutoka juu kama wenzake, na msimu wa 1967/68 akashuka hadi asilimia 38. Baadaye alikiri kwamba alijua anakosea, ila aliona aibu, aliona anaonekana kama mtu laini.

Kwa hiyo hapa hakuna cha kutojua sababu. Swali lilishaulizwa, jibu lilishapatikana, namba zilishaandikwa ubaoni, mtu mmoja wa kusema ukweli alikuwepo uwanjani akifunga kila usiku. Bado wachezaji wenye asilimia 50 wanarusha kutoka juu hadi leo. Kuna mazoea yanayolindwa na ujinga, hayo mtayaondoa kwa uzi kama huu. Yanayolindwa na aibu sijui mtayafanyaje.

#11 Kipa wa Akiba

Dunki umeniweka sawa. Kipa anayesimama katikati na Chamberlain wana ugonjwa mmoja. Na wewe Fundi, hesabu yako ya penalti 18 nimeipokea.

#12 Simu Mkononi

Naomba kuuliza wataalamu: kuhusu simu, hivi kufunga programu zote kwa kuzitupa juu kila saa kunaokoa chaji? Na simu mpya lazima ichajiwe kwa muda wa saa nane kabla ya kutumika?

#13 Bitibaiti

Yote mawili hapana. Kwa la kwanza, mwaka 2016 Craig Federighi, bosi wa programu wa Apple, alijibu barua pepe ya mteja aliyeuliza swali hilo, akasema haihitajiki kuzifunga kwa ajili ya betri. Kwa Android ni vilevile. Programu iliyo nyuma mara nyingi imegandishwa tu. Ukiifunga kabisa, ukiihitaji tena simu inaanza kuipakia upya kutoka mwanzo, na hapo ndipo chaji inapotumika. Funga ile iliyokwama, acha nyingine.

La pili ni urithi wa betri za nikeli na kadimia, zile zilizokuwa zinahitaji kujazwa na kumalizwa kabisa. Betri ya lithiamu haina shida hiyo, tena kuimaliza hadi sifuri kila mara kunaichosha. Swali la Mpekuzi linajibu hapa: kifaa kilichozaa mazoea hayo huna tena.

#14 Karani

Nimesoma uzi wote. Kazini kwetu bado tunabadili nenosiri kila siku 90, na nusu ya watu wameliandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Nikienda kwa mkuu wa kitengo cha tehama nikamwambia "nimesoma mtandaoni", atanifukuza. Niseme nini?

#15 Mpekuzi

Usianze na "mmekosea". Anza na waraka wenyewe. Unaitwa NIST SP 800-63B, upo wazi kwa yeyote. Toleo la 2017 lilishauri kutolazimisha mabadiliko ya ratiba. Toleo la 2025 limekaza zaidi: linakataza kabisa, isipokuwa pale kuna ushahidi kwamba neno limevuja. Pia linakataza kulazimisha michanganyiko ya herufi na alama. Chapisha ukurasa huo, usimtumie kiungo peke yake.

Pili, usimwombe aondoe kitu bila kuweka kingine, hapo ndipo hoja ya Fundi inapoingia. Siku 90 zilikuwepo ili mwizi aliyepata neno asilitumie milele, na hofu hiyo ni halali. Kwa hiyo pendekeza badala yake: maneno marefu, kila neno jipya lilinganishwe na orodha za maneno yaliyokwisha kuvuja, uthibitisho wa hatua mbili, na kubadili mara moja pale panapokuwa na dalili ya kuvuja, hata kama ni siku ya tatu.

Tatu, muulize kwa utulivu kanuni ya siku 90 imeandikwa wapi. Mara nyingine imo kwenye mkataba na mteja au kwenye masharti ya wakaguzi, na hapo mkuu wako hana mamlaka nayo, itabidi swali lipande ngazi nyingine. Ukijua imeandikwa wapi utajua pia umuulize nani.

#16 Karani

Asante sana mkuu. Kikao cha kitengo ni Alhamisi, nimeshaomba dakika kumi kwenye ajenda. Kwanza namtafuta mwenzangu mmoja akae upande wangu, kwa sababu ya huyo Asch. Nitaleta mrejesho.